Namna ya kumsoma Jane Austen bila kupitwa na utani wake

Mwaka 2017, miaka 200 tangu mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Jane Austen, afariki, Benki Kuu ya Uingereza ilitoa noti ya pauni 10 yenye sura yake. Chini ya picha yakawekwa maneno kutoka riwaya yake Pride and Prejudice, yanayosema kwamba hakuna starehe inayoshinda kusoma. Maneno mazuri, ila tazama mwenyewe aliyeyasema. Ni Caroline Bingley, sura ya 11, na wala hasomi. Kitabu alichoshika amekichukua kwa sababu tu ni juzuu ya pili ya kile anachosoma Bwana Darcy, mwanamume anayemtaka. Amejaribu kukisoma kimemshinda, anapiga mwayo mrefu, anakisifia kwa sauti ili asikike, hakuna anayemjibu, anapiga mwayo tena na kukitupa kando.

Kwa hiyo kila unapomsoma Austen, uliza nani kasema na anataka nini kwa kusema hivyo. Wengi wanaomwacha njiani humsoma kama mwandishi wa hadithi za harusi: wanaona watu wanatembeleana, wanakunywa chai, wanacheza dansi, basi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kumsoma kwa mara ya kwanza, au aliyesomeshwa zamani akachoka, na sasa anataka kujua watu wamemganda kwa lipi miaka yote hii.

Hatua ya kwanza: chagua pa kuanzia

Riwaya zake zilizokamilika ni sita. Sense and Sensibility ilitoka 1811, Pride and Prejudice 1813, Mansfield Park 1814, na Emma Desemba 1815. Northanger Abbey na Persuasion zilitoka pamoja mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa na miaka 41. Alipokuwa hai hakuna kitabu chake kilichotoka na jina lake. Cha kwanza kilisema tu kuwa kimeandikwa na bibi mmoja wa heshima. Aliyemtaja hadharani ni kaka yake Henry, katika maelezo mafupi aliyoyaweka kwenye zile mbili za mwisho.

Anza na Pride and Prejudice. Umaarufu wake si hoja. Hoja ni kwamba inakufundisha namna ya kuisoma: katikati ya kitabu mhusika mkuu anagundua kuwa amewasoma watu vibaya, na wewe uliyekuwa ukimwamini unagundua pamoja naye. Ukiona ni ndefu, Persuasion ni fupi zaidi na haina mizunguko. Emma usianze nayo. Kwa ufundi naiona juu ya zote, lakini inamtaka msomaji aliyekwisha kuzoea mitego ya mwandishi huyu.

Hakimiliki ya vitabu hivi iliisha zamani, hivyo vyote utavipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na vya kusikiliza viko tovuti ya LibriVox. Angalia jambo moja dogo: riwaya hizi nyingi zilichapwa kwanza kwa juzuu tatu, na matoleo mengine bado yanaanza kuhesabu sura upya kila juzuu. Namba ninazotaja hapa ni za mfululizo mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Filamu ziache kwa sasa. Ile picha maarufu ya Darcy akitoka bwawani na shati limemganda mwilini ni ya tamthilia ya BBC ya 1995; kitabuni haimo. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kamera inakuonyesha sura za watu, na mambo mengi ya Austen yamo kwenye sauti ya msimulizi, ambayo filamu haina mahali pa kuiweka.

Hatua ya pili: andika fedha pembeni

Chukua penseli. Kila mhusika anapotajwa na kipato chake, kiandike. Austen hataji kiasi cha fedha kwa kupendezesha ukurasa.

Chukua familia ya Bennet. Baba anapata pauni 2,000 kwa mwaka kutokana na milki ya Longbourn. Ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume, na milki imefungwa kwa sharti kwamba irithiwe na mwanamume wa ukoo. Akifa leo, nyumba inamwendea binamu, kasisi anayeitwa Collins, na wale wanawake sita wanaweza kutolewa nje. Sasa fika sura ya 19, Collins anapomposa Elizabeth, binti wa pili na mhusika mkuu. Kati ya maneno ya mapenzi anamkumbusha, kwa upole wa kutisha, kwamba yote atakayopata ni pauni 1,000 zenye riba ya asilimia 4, tena baada ya mama yake kufa. Piga hesabu: pauni 40 kwa mwaka. Darcy anaingiza 10,000. Elizabeth anamkataa Collins akizijua hesabu hizo, na baadaye anamkataa Darcy pia. Bila zile namba pembeni utamwona ni msichana mwenye maringo. Ukiwa nazo utaona anacheza na maisha yake.

Mama Bennet naye, ambaye kila msomaji humcheka, ndiye pekee katika nyumba ile anayehangaika na tatizo lenyewe. Anahangaika vibaya, kwa makelele na aibu, lakini mumewe mwenye maneno ya kuchekesha amejifungia maktaba na hakuwahi kuweka akiba. Austen anakuacha umcheke mama kwanza. Hukumu ya baba inachelewa kuja.

Kama unataka kuona kazi hii ya fedha ikifanywa kwa kurasa chache tu, fungua sura ya 2 ya Sense and Sensibility. Mzee Dashwood amekufa baada ya kumwomba mwanawe John awaangalie mama wa kambo na dada watatu. John, ambaye tayari ni tajiri, ameamua kuwapa dada zake pauni 1,000 kila mmoja, jumla 3,000, na amejipendeza kwa ukarimu wake. Mkewe Fanny anaanza kuzungumza naye. Hagombi, hapazi sauti. Kwanza anamkumbusha mtoto wao mdogo, atakayepunjwa. Kiasi kinashuka hadi 500 kwa kila dada. Kisha John anawaza afadhali ampe mama yao pauni 100 kila mwaka maisha yake yote. Fanny anasema watu hawafi kamwe wakishajua kuna malipo ya kila mwaka yanayowasubiri, na mama huyo ana afya yake, hajafika hata arobaini. Basi zawadi ya pauni 50 mara mojamoja. Basi labda kuwasaidia kutafuta nyumba ndogo, kuhamisha vyombo, na kuwapelekea samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Mwishoni Fanny anahesabu kwamba wanawake wanne wenye pauni 500 kwa mwaka, wasio na gari wala farasi, wataishi kwa raha kiasi kwamba wao ndio watakaoweza kumpa John kitu.

Soma sura hiyo polepole ukiangalia jinsi kila hatua ya kushuka ilivyo na sababu ya kiungwana. Humo msimulizi hasemi popote kuwa watu hawa ni wachoyo. Hana haja.

Yeye mwenyewe aliyajua haya kwa ngozi yake. Baba yake, kasisi wa Steventon huko Hampshire, alifariki 1805, na tangu hapo Jane, mama yake na dada yake Cassandra waliishi kwa kusaidiwa na kaka zao, wakihamahama, mpaka kaka yake Edward alipowapa nyumba Chawton mwaka 1809. Haki zote za Pride and Prejudice aliziuza kwa pauni 110. Alikuwa akitaka 150.

Hatua ya tatu: tafuta mwenye sauti

Hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe, na hapa ndipo wasomaji wengi hupitwa.

Sentensi ya kwanza ya Pride and Prejudice inasema ni ukweli unaokubaliwa na ulimwengu mzima kwamba kapera mwenye mali nyingi lazima awe anahitaji mke. Nani kasema? Si Austen. Endelea na sentensi ya pili: hata kama haijulikani kabisa yule kapera mwenyewe anataka nini, familia za jirani tayari zimemhesabu kuwa ni mali halali ya binti yao mmojawapo. Kumbe mwenye kuhitaji ni jirani mwenye mabinti, na "ulimwengu mzima" ni mtaa mmoja. Msimulizi ameazima sauti ya majirani, akaizungumza kwa uso mkavu, na amekuachia wewe utambue.

Katika Emma anaifanya mbinu hiyo iwe kitabu kizima. Msimulizi anazungumza kwa nafsi ya tatu, kama mtu anayejua yote, lakini mara nyingi mawazo ni ya Emma Woodhouse, msichana wa karibu miaka 21, mzuri, tajiri, mwenye akili, na asiyezoea kukosolewa. Emma ameamua kwamba kasisi wa kijiji, Bwana Elton, anampenda rafiki yake Harriet. Emma anachora picha ya Harriet; Elton anaisifia mno na kujitolea kuipeleka London ikatiwe fremu. Ushahidi huo! Elton analeta fumbo la kimapenzi kwa maandishi. Ushahidi mwingine! Shemeji yake Emma anamwambia waziwazi katika sura ya 13 kwamba anayetakwa ni yeye, na Emma anacheka moyoni akiwaonea huruma watu wanaojiona wana akili. Sura mbili baadaye Elton amejifungia naye garini anamposa.

Zoezi lake ni hili. Soma sura ya 6 hadi ya 15 ukipigia mstari kila neno lenye maana ya "bila shaka", "hakika", "lazima iwe" na "ni wazi". Maneno hayo yakijazana, ujue msimulizi amemwachia Emma kiti. Ukimaliza, rudi uangalie Elton alisema nini hasa, ukiondoa tafsiri ya Emma. Utashangaa: hakuwahi kusema hata mara moja kwamba anampenda Harriet. Picha aliyoisifia ilikuwa ya Harriet, lakini mkono uliochora ulikuwa wa Emma.

Hatua ya nne: usiwaruke wanaosema sana

Bi. Bates, mwanamke wa makamo asiyeolewa katika riwaya hiyohiyo, huzungumza aya ndefu zisizo na kituo: barua ya mpwa wake, matofaa ya kuoka, miwani ya mama yake, nani kapita mtaani. Msomaji humruka, kama Emma anavyomkwepa. Msome kwa sauti, maana katika porojo zake ndimo zimo habari zote za siri kubwa ya kitabu, na Austen amezificha mahali ambapo alijua hutasikiliza. Siri yenyewe siitaji. Nitakuambia tu uangalie kijana anayesafiri maili 16 hadi London kwenda kunyoa nywele, sura ya 25, kisha usome sura inayofuata kwa makini.

Sura ya 43 Emma na wenzake wako matembezini kwenye kilima cha Box Hill, jua kali, watu wamechoka, na kijana mmoja anabuni mchezo: kila mtu aseme jambo moja la akili sana, au mawili ya wastani, au matatu ya kipuuzi kabisa. Bi. Bates anajitania kwamba yeye mambo matatu ya kipuuzi hayatamshinda, akifungua mdomo tu yatatoka. Emma anashindwa kujizuia. Anamwambia shida itakuwa idadi, maana safari hii ataruhusiwa matatu tu.

Bi. Bates haelewi mara moja. Kisha anaelewa, na uso unaiva kidogo. Anamgeukia Bwana Knightley, jirani yao, na kusema kwamba bila shaka yeye amekuwa mtu wa kuchosha sana, la sivyo Emma asingemwambia hivyo rafiki wa siku nyingi. Halafu mchezo unaendelea. Hakuna kilio wala ugomvi. Baadaye Knightley anamkumbusha Emma kwamba mwanamke huyu ni maskini, ameshuka kutoka katika hali aliyozaliwa nayo, na atazidi kushuka. Kama umewahi kucheka Bi. Bates katika sura zilizotangulia, na umecheka, karipio hilo ni lako pia. Sijui waandishi wengi wanaoweza kumuuma na kumpuliza msomaji namna hiyo.

Hatua ya tano: mpe nafasi asiyependeza

Turudi Pride and Prejudice. Charlotte Lucas, rafiki yake Elizabeth, ana miaka 27, si mzuri wa sura, hana mali. Anakubali kuolewa na Collins siku chache baada ya Elizabeth kumkataa, na Elizabeth anaona aibu kwa niaba yake. Usimfuate Elizabeth moja kwa moja. Nenda sura ya 28 na 30, Elizabeth anapowatembelea. Charlotte anamhimiza mumewe alime bustani, eti ni nzuri kwa afya. Na amechagua sebule ya nyuma ya nyumba, chumba kisichopendeza, wakati upo mwingine bora. Elizabeth anashangaa, kisha anaelewa: chumba cha mume kinatazama barabara, na lau sebule ya mkewe ingekuwa ya kupendeza vilevile, angekuwa anashinda humo. Maisha ya ndoa nzima yamepangwa kwa kuchagua chumba. Ni mkato wa ajabu wa maneno.

Austen mwenyewe aliposwa Desemba 1802 na kijana mrithi wa milki, akakubali jioni, akakataa asubuhi. Sisemi Charlotte ni yeye. Nasema anayeandika sura ya 30 hakuwa anamcheka Charlotte.

Hatua ya sita: ukifika kwenye barua, rudi nyuma

Darcy anamposa Elizabeth sura ya 34, vibaya, akitaja uduni wa familia yake. Barua yake inakuja sura ya 35. Sura ya 36 haina tukio isipokuwa mwanamke anasoma karatasi njiani. Anaisoma akiwa na hasira, anaikunja akiapa hataitazama tena, na nusu dakika haijaisha ameifungua.

Fanya kama yeye. Weka alama, rudi sura ya 16, ambako kijana mtanashati Wickham anamsimulia Elizabeth jinsi Darcy alivyomdhulumu. Mara ya kwanza uliisoma ukamhurumia. Sasa tazama: wamefahamiana jana tu, na anamwaga siri za familia ya watu mbele ya mgeni. Anasema kwa heshima ya marehemu baba yake Darcy hawezi kumwaibisha mwana, na wakati huohuo anamwaibisha. Yote yalikuwa mbele ya macho yako. Elizabeth hakuyaona kwa kuwa Wickham alimpaka mafuta, naye Darcy alikwisha kusema katika dansi, sura ya 3, kwamba uzuri wake haujatosha kumvutia. Kitabu hiki awali, alipokiandika mwaka 1796 hadi 1797, kiliitwa First Impressions, yaani maoni ya mara ya kwanza, na baba yake alipomwandikia mchapishaji kukihusu kikakataliwa.

Kusoma upya ndiyo raha kuu ya Austen. Mara ya kwanza unataka kujua nani ataolewa na nani. Mara ya pili hilo umekwisha kulijua, na unaanza kusikia watu.

Hatua ya saba: mtazame akifuta

Miswada ya riwaya zake zilizokamilika imepotea, isipokuwa sura za mwisho za Persuasion kama alivyoziandika kwanza, ambazo ziko British Library na matoleo mengi huziweka nyuma ya kitabu. Zisome sambamba na zile alizochapisha.

Anne Elliot, miaka 27, alishawishiwa kumkataa Wentworth miaka minane nyuma, naye amerudi akiwa kapteni tajiri. Katika andiko la kwanza wanapatanishwa nyumbani kwa Amirali Croft: Wentworth anatumwa kumuuliza Anne kama ni kweli anaolewa na binamu yake, anajibu hapana, wanatazamana, kwisha. Kiangazi cha 1816, mwili ukianza kumwishia nguvu, Austen akaona hapana. Akaandika upya: Anne anajadiliana na Kapteni Harville ni nani hupenda kwa muda mrefu zaidi, mwanamume au mwanamke. Harville anataja vitabu. Anne anajibu kwamba vitabu si hoja, kalamu imekuwa mikononi mwa wanaume siku zote. Wentworth yuko meza ya pili anaandika, kalamu inamwanguka, anasikia kila neno, na anamwandikia barua palepale.

Tofauti iko wapi? Katika la kwanza Anne anaulizwa na kujibu. Katika la pili anasema mwenyewe, bila kuulizwa, na maneno yake ndiyo yanayofungua mlango. Anayejifunza kuandika akitumia jioni moja kwenye miisho hii miwili atapata zaidi ya semina.

Baada ya hapo

Ukimaliza Pride and Prejudice na Persuasion, ingia Emma, kisha Sense and Sensibility. Northanger Abbey ni mzaha juu ya riwaya za kutisha za enzi yake, nyepesi, isome ukiwa safarini. Mansfield Park iweke mwisho: Fanny Price ni mkimya, mnyonge, na wengi hawampendi, wakati wale wasioaminika ndio wachangamfu. Hapo utajua kama zile hatua zimekuingia, maana mwandishi amewapa utani wote wakorofi na haki yote msichana anayechosha, na hakuambii ufanye nini nao.